Picha za harusi Mbudya: niliyofundishwa na bamvua

Saa tatu na nusu asubuhi, Jumapili ya kwanza ya Oktoba, nilisimama ufukweni Kunduchi nimelipakata gauni langu la harusi kama mtoto mchanga, naitafuta bahari. Ilikuwapo, lakini mbali. Kati yangu na boti yetu palikuwa na uwanja wa matope, majani ya bahari na madimbwi, na ndani yake akina mama wameinama na ndoo zao. Boti ilielea huko nje kabisa. Kijana wa boti alitupungia mkono tumfuate kwa miguu.

Tulikuwa tumeoana Ijumaa. Nikaha ilifungwa msikitini baada ya alasiri, walima ikafanyika Jumamosi, na Jumapili ilitengwa kwa picha za kisiwani Mbudya, mbele ya ufukwe huo wa Dar es Salaam. Kamati ya harusi ilikaa vikao saba. Ilihesabu viti, sahani za pilau, mafuta ya magari, posho ya mshereheshaji. Saa za picha zilipangwa kwa kuangalia foleni ya Barabara ya Bagamoyo na maneno ya mpiga picha kwamba mwanga wa asubuhi ni mzuri. Kuhusu mwanga alisema kweli. Ila hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza maji yatakuwa wapi saa hiyo.

Mimi ni fundi cherehani, nashona Tandika. Nimezaliwa Morogoro, mume wangu ni wa Singida. Kwetu sisi bahari ni bahari, unaifuata siku yoyote unaikuta. Tulikuwa tumekwenda Mbudya mara moja wakati wa uchumba, pamoja na dada zangu na marafiki, tukakuta maji yamejaa hadi kwenye mchanga mweupe, rangi yake inakaribia kijani. Picha ile ndiyo niliyoibeba kichwani miezi yote niliyokuwa nashona gauni.

Mama mmoja wa makamo alikuwa anatoka majini, kanga kiunoni, ndoo kichwani. Akasimama.

"Bibi harusi, mnakwenda wapi na maji haya?"

"Mbudya, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Leo bamvua, siku ya maji makubwa. Yanapwa mpaka saa nne na nusu, ndiyo yaanze kurudi. Ungekuja saa tisa ungepanda boti hapa hapa tulipo."

Tulikwenda hivyo hivyo, kwa sababu boti ilishalipiwa na mpiga picha alikuwa na kazi nyingine jioni. Dada yangu alibeba mkia wa gauni, mita mbili za neti na satini. Wifi yangu alibeba viatu. Mume wangu alipandisha kanzu hadi magotini. Tulipofika kwenye boti, pindo lote lilikuwa limenyonya tope la kijivu, na uzito wake ulikuwa umeongezeka hata nikahisi mtu ananivuta kwa nyuma.

Kisiwani mambo hayakuwa bora. Maji yalipokuwa yamekimbia yaliacha wazi mawe ya matumbawe, makali kama kisu cha mkate. Mwamba mmoja ulishika lesi ya pembeni, nikasikia ule mlio ambao fundi yeyote anaujua bila kugeuka kutazama. Mume wangu, katika kunisaidia, alikanyaga yule mnyama mweusi wa baharini mwenye miiba kama ya nungunungu. Miiba mitatu ikavunjikia unyayoni. Picha nyingi za asubuhi ile zinaonyesha anatabasamu, na mimi peke yangu ndiye ninayeona kwamba amesimama kwa mguu mmoja.

Ilipofika saa tano mwanga nao ulikuwa umetukimbia. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta, na jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Sisi tulikuwa mwanzoni mwa Oktoba. Adhuhuri ya siku hizo kivuli chako kinalala chini ya miguu yako, na usoni macho yanageuka mashimo meusi, pua inang'aa, kidevu kinatupa giza shingoni. Poda haisaidii. Satini nayo ni kitambaa kisichoficha siri: kila tone la jasho liliacha doa lililosomeka hata kwa mbali. Katika picha karibu 300 tulizopewa, nilizopenda ni nne, na zote zilipigwa chini ya mbuyu, kivulini.

Usiku ule nililia. Najua kuna watu watasema gauni ni kitambaa tu. Nililishona kwa miezi mitatu, usiku, baada ya kazi za wateja, na shanga za kifuani mama alizitunga kwa mkono wake. Mume wangu aliniacha nilie, mguu wake kwenye beseni la maji ya moto, kisha akasema, "Twende tena. Safari hii tumuulize yule mama."

Jumanne nikapanda daladala kurudi Kunduchi. Yule mama nilimkuta sokoni, anakaanga samaki. Alinikaribisha kwenye kigoda, akanipa kipande cha changu, akanieleza jambo ambalo ningepaswa kulijua siku ya kwanza niliposema nataka picha za baharini.

Maji, alisema, yanafuata mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku hizo na siku chache baada yake, ni bamvua: maji yanajaa sana na yanapwa sana. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo. Baadaye nilitazama jedwali la maji kwenye simu nikaona maneno yake kwa namba. Siku za bamvua pwani ya Dar es Salaam, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, yaani ghorofa nzima ya maji inayokuja na kuondoka. Siku za maji mafu tofauti huwa kama mita 1.

Lakini lililonifungua macho ni hili. Huku kwetu, bamvua lina saa zake. Yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri. Yanapwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa karibu saa moja kasoro. Kwa hiyo mtu anayejua mwezi una siku ngapi anaweza kukaa jikoni kwake Tandika na kusema maji yako wapi Kunduchi. Yule mama alihesabu kwa vidole, mafuta yanachemka mbele yake: "Jumapili ulikuja mwezi una siku kumi na saba. Ukingoja wiki mbili utakuta bamvua lingine, la mwezi mchanga. Njoo saa tisa."

Bamvua lile lile lililoniharibia asubuhi ndilo lililokuwa na picha niliyoitaka, jioni. Maji yamejaa saa kumi na kitu, boti inafika hadi mchangani, kisha kuanzia saa kumi na moja yanaanza kutoka taratibu na kuacha mchanga umelowa, laini, unaong'aa kama kioo. Na hiyo ndiyo saa ambayo jua limeshuka na ngozi zetu nyeusi zinapata rangi ya asali. Ufukwe wa Mbudya tunaoshukia watu umeelekea bara, magharibi, kwa hiyo jua linazama mbele yako. Katikati ya Oktoba linazama kama saa kumi na mbili na robo. Huku Ikweta halikawii: likishagusa miti ya upande wa bara, una dakika 20 hivi za mwanga unaofaa, halafu ni giza.

Kwa hiyo saa zetu zilijipanga zenyewe. Boti saa tisa na nusu, baada ya kuswali alasiri. Picha za majini kwanza, maji yakiwa juu. Picha za mchangani baadaye. Magharibi tuswalie kisiwani, kisha turudi. Boti nyingi zinazopeleka wageni hurudi kabla jua halijazama, kwa hiyo hii tuliikodi peke yetu na tukakubaliana mapema kabisa, kabla ya kulipa, kwamba tutarudi gizani na lazima iwe na taa na majaketi ya kujiokoa yenye kutosha kila mtu. Nahodha alikuwa mtoto wa yule mama.

Nikabaki na wiki mbili za kushona upya, na hapo ndipo niliporudi kwenye ninachokijua.

Nilikata vipande vya vitambaa, kila kimoja ukubwa wa kiganja: satini, neti, lesi, shifoni, krepu. Nikatia maji kwenye beseni, nikakoroga chumvi, nikavichovya vyote na kuvianika mbele ya feni. Nawashauri mafundi wenzangu wafanye hivi kabla ya kumkubalia bibi harusi yeyote anayekwenda pwani, maana beseni linasema mambo ambayo muuza vitambaa wa Kariakoo hatakwambia. Satini ilibaki na alama ya maji hata baada ya kukauka. Neti ilikauka upesi lakini nilipoinyunyizia mchanga iliushika katika kila tundu, na neti ngumu iliyolowa inakwangua mapaja. Shifoni ilikauka ya kwanza, ikapepea vizuri mno, ila ikilowa unauona mkono wako kupitia kitambaa. Krepu ya polista ilikaa katikati: nzito kiasi, haing'ang'anii mwili, haionyeshi.

Hili la kuonyesha lilikuwa swali kubwa kwa mama yangu, na nilikubaliana naye. Mtu anaweza kuvaa gauni refu la stara kuanzia shingoni hadi nyayoni, likalowa mara moja tu, na stara yote ikaisha. Kwa hiyo gauni la pili lilikuwa krepu ndani, shifoni juu, na bitana ya krepu hadi chini ya goti. Chini ya yote nilivaa suruali ya kubana na blauzi ya mikono mirefu, zote rangi ya ngozi yangu. Rangi ya gauni nilichagua ya maziwa badala ya nyeupe kabisa. Juu ya mchanga mweupe wa kisiwani, kitambaa cheupe pe hula mishono yote. Shanga za mama zisingeonekana kabisa. Shanga hizo nilizifumua kutoka gauni la kwanza, pamoja na lesi ya kifuani iliyosalimika, nikazihamishia.

Pindo nililipandisha hadi juu ya kifundo cha mguu. Zipu ya chuma niliiacha, nikatia ya plastiki, kwani chumvi huanza kula chuma siku hiyo hiyo. Na mkia haukuwapo. Badala yake nilishona sketi ya juu, pana, ya kufunga kiunoni kwa kulabu mbili tu, ambayo inaweza kutoka kwa mkono mmoja.

Sketi hiyo ilitokana na woga wa kweli. Katika wiki ya kwanza nilimwomba rafiki yangu anayejua kuogelea twende naye kwenye bwawa, nikaingia na sketi ya zamani yenye mita kadhaa za kitambaa. Maji yakanifika kifuani. Nilijaribu kupiga miguu na sikuweza. Kitambaa kilijizungusha magotini kikafunga kama kamba, na hewa iliyoingia chini yake ikanipindua. Nilikuwa mahali pa kusimama, rafiki ameshika bega langu, na bado moyo ulinienda mbio. Tangu siku hiyo nina msimamo, na nausema kwa kila mteja hata akikasirika: gauni lisilovulika kwa sekunde tatu lisiingie majini zaidi ya magoti. Nilifanya mazoezi ya kuzivuta zile kulabu nimefumba macho, chini ya maji, mara kumi. Mume wangu naye alijifunza kuelea chali. Kuogelea hakuwahi, lakini mtu anayejua kulala juu ya maji akatulia ana nafasi ya kusubiri msaada.

Upepo ulikuwa tatizo jingine. Kusi kali huwa Juni hadi Agosti, na Oktoba bahari huwa imeanza kutulia, lakini mchana bado kuna upepo wa kutosha kumfunika bibi harusi uso kwa gauni lake mwenyewe. Nilimuuliza yule mama wa Kunduchi wavuvi wanafanyaje wavu usipeperuke. Akainuka, akaingia ndani, akanirudishia chubwi kumi na mbili, zile risasi ndogo wanazofunga kwenye mshipi ili ndoano izame. "Zishone kwenye pindo," akasema. Nilizitengenezea vifuko vidogo vya kitambaa ndani ya pindo, kila baada ya nafasi ya shubiri. Sketi ilipokea upepo, ikajaa, ikapepea kwa nyuma, na haikupanda hata mara moja. Shela nililibana kwa vichanuo viwili, kisha nikafunga mshipi mwembamba kutoka ncha yake hadi kwenye bangili yangu. Ule mshipi hauonekani katika picha hata moja.

Kuhusu nywele nitasema kifupi: nilisuka mistari, nikabana nyuma. Wigi la siku ya walima lilibaki nyumbani.

Mbudya si kisiwa cha kuamua unalotaka. Pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni eneo tengefu la bahari tangu 1975, na sasa linasimamiwa kwa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994. Kila anayeshuka hulipa kiingilio. Safari ya kwanza tulifika bila kujua lolote, binamu yangu akaokota kombe zuri akalitia mkobani, na mtumishi wa hifadhi akamwomba kwa upole alirudishe alipolitoa. Aliaibika, lakini alifundishwa vizuri: kombe tupu ni nyumba ya kaa anayehama. Safari ya pili nilikwenda kuuliza mapema, nikaeleza tuko watu sita, picha ni za familia wala si za tangazo la biashara, na tungependa kubaki mpaka magharibi. Ruhusa ya kuchelewa nisingeipata kwa kushtukiza siku hiyo hiyo.

Mpiga picha wa safari ya pili, binti mmoja mtulivu, alitamani kurusha droni. Droni nchini inahitaji idhini, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikiwa mmoja wa wahusika, na wiki mbili hazikututosha kuifuatilia. Tukaiacha. Maua ya plastiki ya kurusha hewani nayo niliyakataa, ingawa wifi yangu alishayanunua; upepo mmoja tu na yangekuwa tumboni mwa kasa. Badala yake shangazi yangu wa Tanga alinitungia kikuba cha asumini na rehani, akakifunga kwenye kitambaa kilicholowa, tukakisafirisha kwenye ndoo ya barafu pamoja na maji ya kunywa. Harufu yake ilijaza boti nzima.

Tangu Alhamisi nilikuwa nasikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitangaza upepo wa kilometa 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, mwenye boti ndogo hukaa nyumbani, na nilikuwa nimemwambia mume wangu kwamba likija tangazo hilo tutaahirisha hata kama pesa imelipwa. Halikuja. Jumapili ikaamka na mawingu machache.

Saa tisa na nusu Kunduchi, maji yalikuwa yamefika mahali pale pale nilipokuwa nimesimama na gauni mikononi wiki mbili kabla. Nilipanda boti nimevaa dera, gauni likiwa kwenye kapu la ukili, limefungwa kwa shuka safi. Kuvaa tulivalia kisiwani, nyuma ya kanga nne zilizoshikwa na dada zangu. Nahodha alizima mashine kabisa kabla hajaniruhusu kusogea ubavuni mwa boti. Alisema shela na panga la mashine havikutani mara mbili.

Tulikuwa tumeomba ngalawa ya mvuvi itukute pale kwa ajili ya picha za tanga. Hapa ndipo mume wangu alipopata mtihani wake. Ngalawa imeshikwa pande zote mbili na mirengu, miti ya pembeni yenye ndubi, zile mbao za kuelea, haipinduki kirahisi, lakini tanga likishika upepo upande mmoja unainuka na mtu wa Singida anaona dunia imelala. Mvuvi alitukalisha katikati, akatuonyesha wapi pa kushika na kamba gani tusiiguse: ile ya demani, inayolizuia tanga, maana ikikazwa ghafla inaweza kukata mkono. Shela nililivua. Majaketi tuliyavaa mpaka tulipofika mahali maji yana kina cha kiuno, tukayavua kwa picha chache, nahodha akiwa kwenye boti yake hatua kumi kutoka kwetu, tukayavaa tena. Picha ninayoipenda kuliko zote imetoka hapo. Mume wangu ameshika mrengu kwa mikono yote miwili, kofia yake ya kiua imesogea nyuma, na anacheka kicheko ambacho sijakiona nchi kavu.

Majini niliingia hadi mapajani na sketi ya juu, kisha nikaivua na kuendelea hadi kiunoni na gauni peke yake. Pete halisi zilikuwa kwa mama mkwe, Temeke. Tulivaa pete za fedha za bei ndogo, kwa kuwa vidole vyenye mafuta ya kujikinga na jua huteleza, na kitu kinachodondoka kwenye mchanga unaosukwa na wimbi hakipatikani. Viatu vya mpira, vile vya kuvaa majini, tulivivaa wote wawili. Chini ya pindo havionekani, na mume wangu alikuwa bado anachechemea kidogo.

Saa kumi na moja na nusu maji yalikuwa yameanza kutoka. Ufukwe ulizidi kupanuka mbele yetu, umelowa, na mawingu yale machache yakawa yako juu na chini. Mpiga picha alilala kifudifudi mchangani. Hakubadilisha lenzi hata mara moja pale ufukweni. Alikuja na kamera mbili tayari, kila moja na lenzi yake, na kitambaa kikavu shingoni cha kufuta chumvi inayorushwa na upepo. Hakutuambia tutabasamu. Alituambia tutembee, tuzungumze, tuokote viatu.

Jua lilizama. Kikundi chetu kilijipanga, mume wangu mbele, tukaswali magharibi juu ya mikeka chini ya mivinje. Tulipotoa salamu, upande wa bara, juu ya taa za Mbezi zilizoanza kuwaka, mwezi mwandamo ulikuwa umetokea, mwembamba kama ukucha. Dada yangu mdogo ndiye aliyeuona. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, kama yule mama.

Kurudi kulikuwa baridi kuliko nilivyotegemea. Nguo iliyolowa na upepo wa usiku, hata Dar es Salaam, vinatetemesha. Nilikuwa nimebeba kanga kavu tatu, na zote zilipata kazi. Kunduchi maji yalikuwa yameshuka nusu, boti ikasimama magotini, tukateremka na mali zetu juu ya vichwa. Yule mama alikuwa anatusubiri na chai ya tangawizi kwenye chupa.

Sikulala kabla ya kuliosha gauni. Chumvi ikikaukia kwenye kitambaa hubaki kama mchanga wa kioo, hukifanya kigumu na kukinyonyesha unyevu kila siku ya joto. Dumu la kwanza nililimalizia kulisuuza uani, taa ya simu imening'inizwa kwenye kamba ya nguo. Maji ya kwanza yalitoka na mchanga, ya pili na mchanga kidogo na jani moja la asumini, ya tatu yakatoka masafi. Nililianika kivulini, likakauka laini. Chubwi nilizifumua moja moja kutoka kwenye pindo, kumi na mbili, nikazifunga kwenye leso, na Jumanne nikapanda tena daladala kuzirudisha.